Je, Wajua? Mambo ya 5G Ambayo Alama ya Kwenye Simu Haikuonyeshi

Je, wajua kwamba mnara wa mtaani kwenu ukifungwa 5G, hata wewe mwenye simu ya 4G unanufaika? Kila jirani mwenye simu mpya anayehamia kwenye masafa ya 5G anaacha nafasi kwenye yale mliyokuwa mnagombania, na mnaobaki mnapumua. Naanza na hili kwa sababu mazungumzo mengi ya 5G yanaishia kwenye kasi: filamu itashuka kwa sekunde ngapi, video itafunguka haraka kiasi gani. Kasi ni jambo jema. Lakini huku kwetu, ambako mnara mmoja unahudumia watu wengi na ikifika saa mbili usiku kila mtu yuko mtandaoni, kinachotubana zaidi ni nafasi. Nafasi ndiyo 5G inayoileta kwa wingi.

Nafasi hiyo inatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwenye masafa mapya. Sehemu nyingine ni ufundi mtupu. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilipoandika vigezo vya 5G lilidai kila kipande cha masafa kibebe takriban mara tatu ya data iliyotakiwa kwenye vigezo vya 4G. Masafa ni mali ya taifa isiyoongezeka, kwa hiyo kuyatumia vizuri zaidi ni jambo linalomgusa mpaka anayenunua bando la siku, kwani gharama ya kampuni kusafirisha gigabaiti moja inashuka. Kama bei ya bando nayo itashuka, hilo ni suala la ushindani na la msimamizi wa soko, na mwananchi ana haki ya kuliuliza bila woga.

Je, wajua simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa barabarani, New York, tarehe 3 Aprili 1973? Mpigaji alikuwa Martin Cooper wa Motorola, na aliyempigia ni Joel Engel wa Bell Labs, yaani mshindani wake. Simu yenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja.

Je, wajua kila kizazi cha mtandao kimechukua takriban miaka kumi kumpisha mwenzake? Kizazi cha kwanza kilianza Tokyo mwaka 1979: sauti peke yake, na mwenye redio inayofaa aliweza kusikiliza maongezi ya watu. Simu ya kwanza ya 2G ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, na aliyepiga alikuwa Harri Holkeri, waziri mkuu wa zamani. SMS ya kwanza ikafuata Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa salamu ya Krismasi. Japani ilifungua 3G mwaka 2001. Stockholm na Oslo zilipata 4G Desemba 2009. Korea Kusini ilizindua 5G kwa nchi nzima Aprili 2019.

Na Afrika Mashariki? Safaricom ilianza kuijaribu Machi 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ikaifungua kibiashara Oktoba 2022. Vodacom Tanzania ilizindua yake Septemba 2022. MTN na Airtel zikafuata Uganda mwaka 2023. Safari hii hatukuachwa nyuma kwa mbali.

Je, wajua mapinduzi makubwa kuliko yote ya simu katika eneo letu yaliletwa na kizazi cha pili? M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mtanzania anayebonyeza *150*00# leo anatumia huduma isiyohitaji intaneti wala simu janja, simu ya kitochi inatosha. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G yake mwaka 2017 na 3G mwaka 2022 ili masafa yale yabebe teknolojia mpya. Huku kwetu hatua kama hiyo ingemnyima bibi wa kijijini njia ya kupokea hela anazotumiwa na wanawe. Kwa hiyo 5G yetu itaishi na 2G chini ya paa moja kwa miaka mingi, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Je, wajua mawimbi ya 5G unaweza kuyapima kwa rula ya mwanafunzi? Kwenye gigahezi 3.5, masafa yanayotumika sana duniani kwa 5G, wimbi moja lina urefu wa sentimita 8 na nusu hivi. Kwenye megahezi 700 ni sentimita 43. Kwenye gigahezi 26 ni zaidi kidogo ya sentimita moja. Wimbi refu linafika mbali na kupenya kuta. Masafa ya wimbi fupi yana upana mkubwa wa kubebea data, lakini ukuta wa tofali, mwembe wenye majani na mvua ya masika vinayapunguza nguvu. Ndiyo maana mnara wa gigahezi 3.5 unahudumia mtaa, wakati wa megahezi 700 unaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Ukisikia kampuni inatangaza 5G, masafa gani ni swali la msingi.

Je, wajua ving'amuzi vina mchango katika intaneti ya vijijini? Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha yake mwaka 2015. Watu walilalamika, na walikuwa na sababu, maana king'amuzi kilikuwa gharama mpya juu ya gharama nyingine. Lakini televisheni ya dijitali inaweka vituo vingi pale ambapo zamani kilikaa kituo kimoja. Masafa yaliyobaki wazi, yale ya megahezi 700 na 800, ndiyo hayo yanayofika mbali, na nchi nyingi duniani zimeyagawa upya kwa ajili ya simu. Wananchi walilipia nafasi ile kwa pesa zao wenyewe. Ni haki wailalamikie kila siku ambayo kijiji chao hakijaunganishwa.

Je, wajua kwa nini siku ya mechi ya Simba na Yanga simu inaonyesha mtandao umekamilika lakini ujumbe hautoki? Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Mnara unasikika vizuri kabisa, ila kuna foleni. Vigezo vya ITU vilitaka 4G iweze kuhudumia vifaa 100,000 katika kilomita moja ya mraba. Kwa 5G vilitaka vifaa milioni moja. Katika kuipunguza foleni hiyo, paneli moja ya mnara wa 5G hubeba antena ndogo nyingi, mara nyingi 64, zinazofanya kazi kwa pamoja na kuelekeza mawimbi kwa kila simu badala ya kuyamwaga kila upande. Watu wawili waliokaa majukwaa tofauti wanaweza kutumia masafa yaleyale kwa wakati uleule bila kuingiliana.

Hili lina uzito kwetu. Kenya, Tanzania na Uganda zilipokea mashindano ya CHAN Agosti 2025, na zitaandaa AFCON mwaka 2027. Mtandao ukikwama nje ya uwanja, mama lishe anayelipwa kwa simu hawezi kuthibitisha malipo, muuza jezi anapoteza mteja, na bodaboda anasubiri nauli ambayo haijafika. Mtazamaji aliyeko jukwaani anakosa kurusha video yake tu. Hawa wa nje wanakosa riziki ya siku.

Je, wajua kwamba kupandisha data kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko kushusha? Matangazo yote ni ya kushusha: filamu, muziki, michezo. Sasa chukua hospitali ya wilaya yenye mashine ya CT. Picha za mgonjwa mmoja zinaweza kufika megabaiti 250. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, kuzituma kwa bingwa kunachukua zaidi ya robo saa, kama haujakatika katikati. Vigezo vya 5G vinataka mtumiaji wa kawaida mjini aweze kupandisha megabiti 50 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo picha zilezile zinamaliza kwa sekunde 40. Mabingwa wa kusoma picha hizi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kwa mgonjwa aliyepigwa kiharusi, ambaye ubongo wake unakufa kila dakika inayopita, tofauti ya robo saa na sekunde 40 inaweza kuwa tofauti ya kutembea tena na kutotembea.

Je, wajua viziwi wana sababu ya pekee ya kuutaka mtandao huu? Mazungumzo ya lugha ya alama kwa simu ni ya video, na hubeba maana kwenye vidole, kasi ya mkono na uso. Video ikikatakata, anayesikia anaweza kuendelea na sauti peke yake. Kiziwi amepoteza sentensi nzima. Anahitaji picha iliyonyooka kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, muda wote wa maongezi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sijaona tangazo hata moja la 5G lenye kiziwi anayezungumza na mama yake. Ningependa kuliona.

Je, wajua kufumba na kufumbua jicho huchukua kati ya milisekunde 100 na 400? Vigezo vya 5G kwa huduma nyeti vinadai ujumbe uvuke kati ya simu na mnara kwa milisekunde 1.

Chukua mfano wa huduma nyeti: Machi 2019 nchini China, daktari Ling Zhipei akiwa Sanya, kisiwani Hainan, alimfanyia upasuaji wa ubongo mgonjwa wa Parkinson aliyekuwa Beijing, umbali wa takriban kilomita 3,000, akiongoza vifaa kupitia 5G. Habari hiyo ilizunguka dunia, na ilistahili. Hata hivyo, sidhani kama sisi tuanzie huko. Tuanzie kwa mkunga wa kituo cha afya anayempima mama mjamzito kwa ultrasaundi huku bingwa wa mkoani akiiona picha palepale na kumwambia asogeze kifaa kushoto kidogo. Hilo halihitaji roboti, linahitaji mtandao usiokatika.

Je, wajua hakuna teknolojia ya mnara inayoweza kuushinda umbali? Mwanga ndani ya mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Seva ikiwa Ulaya, zaidi ya kilomita 7,000 kwa njia ya baharini, kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya milisekunde 70. Hapo 5G yako imeshamaliza kazi yake, inasubiri bahari. Faida kamili ya mtandao mpya inakuja pale data inapohifadhiwa karibu, kwenye vituo vya data vya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam.

Kuna wakati barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda kwenye setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ikashuka tena Nairobi. Kituo cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 ili data ya Kenya ibadilishwe Kenya. Kikazimwa kutokana na mvutano wa kisheria, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Wale waliokipigania hawakuwahi kusikia neno 5G, na bado ni wao walioitengenezea njia.

Je, wajua kabla ya Julai 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo hata mmoja wa baharini uliowashwa kutuunganisha na dunia? Intaneti ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu vilichukua karibu nusu sekunde angani kabla ya kuhesabu kitu kingine. SEACOM ilipowashwa mwezi huo, kisha TEAMS na EASSy zikafuata, ndipo mambo yalipobadilika. Mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 kuzunguka bara, nao umefika Mombasa na Dar es Salaam.

Na je, wajua 5G inaweza kusimama wima huku intaneti imekufa? Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani walihangaika kwa siku kadhaa. Minara haikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo serikali inayotaka 5G yenye manufaa inapaswa kufikiria njia mbadala za mikongo, ya baharini na ya nchi kavu, kwa bidii ileile inayotumika kuhesabu minara.

Je, wajua mkongo umepanda hadi Mlima Kilimanjaro? Agosti 2022 Tanzania ilizindua intaneti ya kasi pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Wapagazi na waongoza wageni sasa wanaweza kuomba msaada haraka mtu akizidiwa.

Je, wajua kwa kaya nyingi za mjini faida ya kwanza ya 5G haitakuja kupitia simu? Itakuja kupitia ruta iliyowekwa dirishani. Kuchimba mtaro wa mkongo hadi kila nyumba ya Mbagala au Kayole ni kazi ya miaka. Ruta ya 5G inapokea mawimbi kutoka mnarani na kuwagawia Wi-Fi watu wote wa nyumbani, bila mtaro na bila fundi wa kupanda juu ya paa. Safaricom ilipofungua 5G kibiashara mwaka 2022, huduma ya Wi-Fi ya nyumbani na ofisini ndiyo iliyotangulizwa. Watoto watatu wanaosoma, mama anayeuza mtandaoni na baba anayefanya kazi za uhariri wanaweza kutumia laini moja. Kwa wapangaji wanaoishi vyumba vilivyotazamana uani, kuchangia ruta moja kunaweza kuwa nafuu kuliko mabando matano tofauti.

Je, wajua familia ya 5G ina mitandao ya kasi ndogo kwa makusudi? NB-IoT ni mmojawapo. Umetengenezwa kwa vifaa vinavyotuma ujumbe mfupi mara chache, na betri yake imekusudiwa kudumu miaka kumi. Mita ya maji, kipimo cha unyevu shambani, kihisi cha kina cha mto. Fikiria pia LUKU: leo ukinunua umeme unapewa tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, usiku, gizani, na ukikosea moja unaanza upya. Mita yenye mawasiliano yake yenyewe inapokea umeme ulionunua bila wewe kuigusa. Kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kasi yoyote.

Je, wajua kizazi hiki kimetengenezwa kwa treni za hadi kilomita 500 kwa saa? SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inafika kilomita 160. Kinachobaki ni minara ya kutosha pembeni ya reli.

Je, wajua 5G nyingi za mwanzo zinaegemea 4G? Mnara una antena mpya, lakini ubongo wa mtandao, pale simu inapotambuliwa na kuelekezwa, bado ni wa 4G. Mtumiaji anapata kasi zaidi. Hapati yale mengine yaliyoahidiwa. Mojawapo ni kuugawa mtandao mmoja katika vipande vinavyojitegemea: kipande cha ambulensi na zimamoto, cha mita za umeme, cha sisi tunaotazama mpira, vyote kwenye minara ileile, na cha ambulensi hakisongwi na cha mpira. Hilo linahitaji 5G inayojitegemea kutoka mnarani hadi kwenye ubongo wake.

Je, wajua simu inayotumia 2G haiuombi mnara kitambulisho? Mnara unaihakiki laini, lakini laini inauamini mnara wowote unaojitokeza, hata wa bandia. Kuanzia 3G uhakiki ukawa wa pande mbili. 5G imeongeza jingine: utambulisho wa kudumu wa laini yako unaweza kusimbwa kabla haujarushwa hewani, ili anayetega mawimbi asijue ni wewe uliyepita. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hautazuiwa na teknolojia hii. Ule unazuiwa na wewe kumpigia mhusika kabla ya kutuma.

Je, wajua 5G ya gigahezi 3.5 iko katikati ya masafa mawili ya Wi-Fi? Wi-Fi hutumia gigahezi 2.4 na 5. Kwa maneno mengine, ni aina ileile ya mawimbi tuliyoishi nayo majumbani kwa miaka. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Kikomo cha kimataifa cha usalama huwekwa na tume iitwayo ICNIRP, ambayo ilipitia upya mwongozo wake mwaka 2020, na unahusu masafa hadi gigahezi 300. Mwaka huohuo uvumi kwamba 5G inasambaza korona uliwafanya watu Uingereza wachome makumi ya minara, na mafundi wakatukanwa na kutishwa kazini. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba virusi havisafiri kwenye mawimbi ya redio, na korona ilienea kwa ukali katika nchi ambazo hazikuwa na 5G kabisa. Mtu anayeogopa afya ya mwanawe hastahili kudharauliwa. Anastahili kuelezwa, kwa Kiswahili, na mtu anayelijua jambo.

Je, wajua mnara wa 5G unaweza kulala? Mnara wa 4G hurusha ishara za kujitambulisha mfululizo, hata saa tisa usiku hakuna anayetumia. 5G inaruhusu ishara hizo zitengane kwa milisekunde 20 au zaidi, na katikati vifaa hupunguza matumizi ya umeme. Ni kweli paneli yenye antena 64 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula umeme mwingi. Lakini kwa minara isiyofikiwa na gridi, inayoendeshwa kwa dizeli au sola, saa za usingizi ni akiba halisi.

Je, wajua sehemu muhimu ya 5G ilitoka kwa profesa mmoja wa Uturuki? Erdal Arıkan wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara, alichapisha mwaka 2009 njia mpya ya kulinda ujumbe dhidi ya makosa yanayotokea hewani. Alilifanyia kazi tatizo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kamati za viwango ziliichagua njia yake itumike kwenye ishara za udhibiti za 5G. Natamani kila mwanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Chuo Kikuu cha Nairobi aijue habari hii. ITU ilipitisha mfumo wa jumla wa 6G mwaka 2023, na mitandao ya kwanza inatarajiwa karibu na 2030. Kazi ya kuandika viwango vyake inaendelea sasa hivi.

Je, wajua huenda simu iliyo mkononi mwako ina chembe ya ardhi ya Kivu? Tantalamu, inayotengenezea kapasita ndogo za kuhifadhi chaji ndani ya vifaa vya kielektroniki, hutoka kwenye koltani. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ni miongoni mwa makubwa duniani, na wachimbaji wake wanatumia sepetu, chepeo na mikono. Mashimo yameporomoka na kuua watu. Mwaka 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wanaochimba pale wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Ninapoandika faida za 5G siwezi kuwaacha nje ya orodha ya wanaostahili kufaidi, na hadi leo wao ndio wanaofaidi kidogo kuliko wote.

Je, wajua Waafrika wanaoishi ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawautumii ni wengi kuliko wanaoishi nje ya mtandao? GSMA, umoja wa makampuni ya simu duniani, umelionyesha hili mwaka baada ya mwaka. Kizuizi kikubwa ni bei ya simu yenyewe. Kenya ilijaribu kukipunguza kwa njia mbili: mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa mwaka 2020, ambapo mtu analipia simu kwa siku, na kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilichofunguliwa Oktoba 2023, kilichotoa simu ya shilingi 7,499 za Kenya. Simu hiyo ni ya 4G. Simu ya 5G ni ghali zaidi, na hapa ndipo serikali zetu zinaweza kufanya jambo la haraka: kupunguza kodi kwenye simu za bei ya chini. Mnara unaorusha mawimbi juu ya vichwa vya watu wasio na kifaa cha kuyapokea ni fedha iliyolala.

Mwisho, ya kukusaidia leo. Je, wajua laini ya 4G mara nyingi inatosha kwa 5G? Laini ya miaka mingi nyuma, ya enzi za 2G, nenda ukaibadilishe dukani kwa mtoa huduma wako. Kabla ya kununua simu ya 5G, muulize muuzaji inapokea masafa gani, kisha uliza kampuni yako inatumia yapi, kwa sababu simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuandikwa 5G na isiikamate yetu. Ukisafiri kwenda sehemu isiyo na 5G, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uchague 4G, maana simu inayotafuta mnara usiokuwepo inakula chaji bure. Ukirudi mjini, iwashe tena.